Salamu za Nyumba ya Pili

Tangu nyumba zote zianze kuendeshwa kwenye wingu la mtandao, kazi ya Tunu ni moja: kutafuta nyumba mbili zilizopewa anwani moja na kuihamisha mojawapo. Mitaa ikiunganishwa, namba hugongana, na ujumbe wa huyu ukaenda kwa yule. Leo alikwisha kuhamisha kumi na tatu, macho yamemchoka. Ya kumi na nne ilikuwa ya mama yake.

Tangu Ramadhani mama alikuwa akinung'unika kwamba haamkiwi. Tunu alidhani ni uzee, kwa sababu kila asubuhi aliandika shikamoo na kujibiwa: marahaba, mwanangu.

Akaipigia simu nyumba ya pili, iliyopewa anwani moja na ya mama. Akapokea bibi mmoja, Mwanahija.

“Ni mimi ninayekuamkia kila siku,” Tunu alisema. “Ulijua si mwanao?”

“Sina mtoto. Nilijua siku ya kwanza.”

“Anwani yako naihamisha leo, bibi. Salamu hazitakufikia tena.”

“Haya. Basi niamkie na ya kesho kabisa.”

Tunu akamwamkia, kisha akabonyeza kitufe cha kuhamisha.

Asubuhi akaandika shikamoo kama kawaida. Safari hii jibu lilitoka kwa mama kweli.

“Marahaba. Nani mwenzangu?”