Mwano Ndani ya Simu

Malale alichovya mkono kwenye mto Katuma, akautoa umejaa povu na majani mabichi. Jua lilikuwa kali, lakini mto ukibeba majani mabichi, mafuriko hayako mbali.

Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la simu ambalo mtendaji wa kijiji aliwaunganisha watu wote wa mtoni. "Maji yanakuja. Tokeni kwenye majaruba."

Jibu la sauti lilirudi upesi kutoka kwa mkulima mmoja wa mpunga wa Kakese, huko chini. "Wewe mfugaji, tutoke ili ng'ombe zako ziingie?" Nyuma yake wenzake wakaangua vicheko.

Msimu uliopita ng'ombe wa Malale walikula mpunga wao, nao wakamfukuza kwa mapanga. Angeweza kuirudisha simu mfukoni, akaenda zake.

Jiwe alilosimama juu yake likafunikwa na maji.

Kwao Wasukuma, hatari ikija mtu hupiga mwano, yowe la kuita watu, na kila ausikiaye huupokea na kuupeleka mbele, hata kama aliyeupiga ni hasimu wake. Malale akaisogeza simu mdomoni, akabonyeza pa kurekodi sauti, akapiga mwano mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

Akautuma kwenye kundi.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke wa Kakese. Mwano wake ulikuwa wa kubabaisha, wa mtu aliyeusikia tu kwa majirani. Nyuma yake watu walikuwa wakikimbia ndani ya maji kutoka majarubani, wakiitana kwa majina.

Kabla haujaisha, ukaingia mwano mwingine, kutoka chini zaidi.