Kicheko cha Mkude

"Hodi! Shikamoo, bibi. Nimefuata ile santuri ya jazi."

Bi Asteria hakumjua binti yule wa kampuni ya santuri, ila aliijua sheria: santuri kongwe mwenyewe akiikabidhi, husafishwa makosa yote, hutolewa upya, na ya asili huyeyushwa. Katika hii, marehemu mumewe Mkude aliingia na tarumbeta kabla ya zamu yake, akacheka. Hakuacha sauti nyingine duniani.

"Na kicheko chake?"

"Kinahesabiwa kosa, bibi. Unaweza kukataa."

Lakini Mkude alipokuwa mahututi alimwomba, naye akaahidi: wakija kuitafuta jazi yetu, wape, watu wacheze. Akampa binti santuri.

Mwezi uliofuata santuri ilitoka upya, mtaa mzima ukacheza. Bi Asteria alisikiliza huku akisonga ugali. Pale pa kicheko, tarumbeta lilipita safi. Mkono wake ulisimama, ukasubiri, kisha ukaendelea kusonga.