Mgeni Aliyesimama Kanisani

"Wageni wetu wote tunaomba wasimame tuwafahamu," alisema mzee wa kanisa, na Eliakunda akaona mgongo anaoujua ukiinuka benchi la mbele.

"Bwana asifiwe. Naitwa Rodgers, nimetoka Same mjini. Nimepanda huku Mbaga kumsalimia Mama Victoria."

Kanisa zima likageuka kumtazama mjane huyo, Eliakunda. Eliakunda akatabasamu kwa meno tu. Mgeni akishakutaja mbele ya madhabahu, tena siku ya Krismasi, humrudishi bila kumlisha. Na nyumbani kwake, katika ghala la mahindi nyuma ya jiko, komeo likiwa limefungwa kwa nje, alikuwemo Victoria, mtoto wake wa pekee.

Victoria na Rodgers walikuwa wameachana mwaka wa pili sasa. Mmoja wao hakukubali. Zikaja simu zisizokoma, kuviziana kazini, kusimama nje ya geti mpaka kunapambazuka. Mwishowe chumba cha kupanga kule Same kikateketea, na aliyekuwa amelala ndani akaponea dirishani. Haukupita muda Victoria akapanda mlima kwa mama yake, ndala mkononi, hana hata mkoba. Eliakunda hakumwuliza mengi. Alimtandikia godoro ghalani, akafunga komeo, akawaambia majirani kwamba binti yuko mbali. Akiwa na uongo huo huo ulimini, asubuhi ile alikuwa amepokea mkate na divai.

Nje ya kanisa Mama Rogathe, jirani yake, alimdaka mkono.

"We Eliakunda! Mkweo wa zamani kakufuata mpaka milimani! Usije ukampa makande ya mahindi leo, mwenzangu, akashuka kutangaza kuwa Wapare ni bahili kweli!"

"Nimepika pilau," alijibu Eliakunda.

"Haya, na nyama iwemo. Siyo harufu yake tu!"

Wanawake wakacheka. Eliakunda naye akacheka.

Rodgers aliegesha gari akiligeuza liutazame mteremko, akauacha ufunguo ndani, tayari kuwashwa. Eliakunda hakumkaribisha sebuleni. Alimwekea kiti barazani, upande wa mbele, mbali na ghala, akafungulia redio kwa sauti ya juu. Kwaya ikajaa nyumba nzima.

"Mama, hiyo redio…"

"Sikukuu, baba. Iache iimbe."

Kijana alikula matonge mawili akaisogeza sahani. Jua lilikuwa kali, lakini shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kooni. Macho yake hayakutulia. Yalikwenda dirishani, yakaenda kwenye kona ya nyumba, yakarudi mlangoni.

"Sikuja kwa ugomvi, mama. Niambie tu alipo."

"Wa nini tena? Si mliachana?"

"Tuliachana. Mwezi ujao naoa, nimempata binti wa watu, mwalimu. Lakini silali. Nikifumba macho namwona Victoria. Nikisikia hatua nje, nasema ni yeye." Akainama. "Sitatulia mpaka nijue yuko wapi."

Eliakunda alimtazama yule kijana aliyekuwa akimwita mwanangu. Aliujua uzito wa neno moja la kweli. Akilitoa, jioni ile ile mtoto wake angetolewa ghalani, apakiwe garini, ashushwe mlima, na yeye abaki kutazama vumbi. Alishamzika mume. Hakuwa na nguvu ya kumpoteza na huyu.

"Hayupo hapa," alisema.

Rodgers aliichukua Biblia aliyotoka nayo mama huyo kanisani, akaiweka katikati ya meza, polepole, kama mtu anayeomba msamaha.

"Niapie, mama. Wengine wote wangenidanganya. Wewe huwezi."

Redio iliimba habari za mtoto aliyezaliwa. Eliakunda aliufuta mkono kwenye kanga, akauweka juu ya kitabu. Miaka yote ile, alipoishika Biblia, ilikuwa ni kufuata mistari kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Hakuwahi kuishika namna hii.

"Yuko Zambia," alisema. "Ameolewa huko. Ana mimba."

Maneno yalitoka laini, bila kukwama, na huko kutokukwama ndiko kulikomtisha.

Rodgers aliangua kilio. Mtu mzima, mabega yakimtikisika, akapiga magoti na kuushika mkono wa mama yule, mkono uleule ulioapa, akaubusu.

"Asante, mama. Mungu akulipe. Leo nitazima taa, nilale."

Mungu akulipe. Eliakunda aliitikia amina, akauvuta mkono wake, akaufuta tena kwenye kanga.

Alimsindikiza hadi kwenye gari. Kijana alikuwa mwingine kabisa. Alifungua vioo vyote, akapiga mluzi, akampungia mkono Mama Rogathe aliyekuwa akichungulia uani kwake. Gari lilipoanza kuteremka Eliakunda alipiga hatua moja barabarani, mdomo wazi, kama anayetaka kumwita mtu arudi. Gari likapinda kona, mlima ukalimeza.

Alirudi ndani akazima redio. Akapakua pilau, akachagua nyama zilizonona kama alizokuwa akimchagulia Victoria utotoni, akaenda nyuma ya jiko. Ee Bwana, nisamehe, alinong'ona, nami ni mzazi tu. Akavuta komeo.

Mlango haukufunguka, ulimwangukia. Victoria alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, nywele amezichana vizuri, skrubu za bawaba zikichezacheza kiganjani mwake.

"Mama, lile kovu la moto shingoni mwake limepona?" aliuliza kwa upole. "Na hiyo harusi niliyoisikia nikiwa pale kwenye kona ya nyumba, amesema itafungwa kanisa gani?"