Binti wa Ndani ya Ngoma

Mwatumu alicheza vikaragosi peke yake nyuma ya pazia: mkono mmoja zimwi, mwingine binti aliyefungiwa ndani ya ngoma. Mumewe Kombo alipiga ngoma mbele. Tangu amwoe humtembeza miji ya watu, kwao hataki akanyage. Leo, kupitia tundu la pazia, Mwatumu akamwona mama yake kati ya wageni wa harusi.

"Imba, ngoma yangu!" zimwi likaamuru.

Binti akaimba, lakini ukawa wimbo ambao Mwatumu alitungiwa na mama utotoni.

"Wimbo gani huo, wewe?" Kombo akafoka chinichini.

Mama akainuka. "Nani yumo humo?"

"Binti, bibi! Kaibwa na zimwi!" watoto wakacheka.

Kombo akazidisha ngoma. Mwatumu akapaza sauti, akiitazama miguu ya mama ikiwaruka watoto mmoja mmoja, ikija.