Mtindo wa Barafu

“Barafu! Barafu!” ukumbi mzima pale Buzuruga ulipiga kelele, na Shigela akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu ile video itoke, hakuna harusi Mwanza inayokwisha bila mtindo ule. Watu wawili walifungiwa kwa bahati mbaya kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki. Kamera ikawaonyesha wameshikana kiunoni, wanateleza na kuzunguka juu ya sakafu iliyoganda, mpaka mlango ulipofunguliwa. Watu wakasema, haya sasa ndiyo mapenzi! Hata watoto wa chekechea Igoma wanaucheza.

Shigela alitambulika siku hiyohiyo, maana barakoa ilimwanguka. Mwanamke alichoropoka na yake usoni, na zamu ile ilikuwa na wanawake tele.

“Nitajie jina tu,” mkewe Dorcas alimnong’oneza mezani. “La sivyo leo narudi Buswelu na mama, na usinifuate.”

“Tulicheza ili tusigande, mke wangu. Tungekufa.”

“Sijauliza sababu. Nauliza nani.”

Shigela alimpenda Dorcas kuliko chochote, lakini kumtaja yule mwanamke ni kumvua nguo hadharani. Alikuwa amemwapia kutomtaja.

Wageni walikuwa wameshajipanga wawiliwawili, bibi harusi, mdogo wake Dorcas, akiwa mbele. Kwenye kona ya mbali aliketi mama mkwe, Kashindye, mwanamke wa heshima zake, aliyeacha kazi ya kukata minofu kwa kusingizia miguu. Alimpa Shigela mgongo, kitenge kimemfunika kichwa, kama ada ya Wasukuma inavyotaka. Mkwe wa kiume hatazamwi usoni, sembuse kupewa mkono.

Dorcas alisimama, machozi yakimtoka, akachukua mkoba.

“Mama, twende zetu. Mwanaume huyu ana mwanamke wake.”

Muziki ukapunguzwa. Shigela alitazama sakafu. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuwa na pa kutokea.

Kashindye aliinuka. Akakishusha kitenge begani, akavuka ukumbi, na mbele ya ukoo wote akamshika mkwewe kiunoni.

“Anza na mguu wa kushoto, baba,” alisema, “kama siku ile.”