Mkono wa Kushoto

Tokunaga aliuona mkono wake wa kushoto ndani ya amplifaya, akaganda.

Miaka arobaini ya kuunda amplifaya moja moja, kila alipogusa ya ndani, mkono huo aliuficha nyuma ya mgongo. Umeme hubaki kwenye kapasita, kile kikopo kinachoutunza, hata plagi ikichomolewa, na ukikuta mikono yote miwili imegusa, hupitia moyoni.

Kidole cha kulia kilibakiza upana wa punje ya mchele kuigusa kapasita.

"Baba, umeutoa umeme?" mkewe aliuliza kutoka jikoni, kama kila siku.

"Nimeutoa," alijibu, kama kila siku.

Lakini hakukumbuka. Akaichomoa mikono polepole, akachukua waya wa kutolea umeme, akaugusisha kwenye kapasita.

Paa! Cheche ya buluu ikaruka.

Mkewe alikuwa mlangoni, chai ikimwagikia sinia.

"Si umesema umeutoa?"

"Nilidhani..."

"Na ile amplifaya ya yule mama wa Sapporo, iliyotumwa asubuhi? Ulisema waya wa usalama, wa kumkinga asipigwe na umeme, umeufunga."

Tokunaga hakukumbuka kama aliufunga. Mkono wa kushoto ukajirudisha wenyewe nyuma ya mgongo.