Injini Iliyoacha Kugonga

Shekue alifunga valvu mpya na springi zake kwenye injini ya gari lake kuukuu, akaliwasha. Injini ilinguruma taratibu, bila kugonga kama zamani. Alifurahi. Tangu maradhi yalipomsahaulisha mkewe karibu kila kitu, alitamani kumpeleka matembezi kama walipokuwa wachumba.

“Twende, Mwanahawa,” alimwita pale barazani.

Mwanahawa alimtazama kwa adabu. “Ahsante, kaka. Namngoja mume wangu. Gari lake nalijua, hugonga toka mbali.”

“Ndilo hili. Nimelitengeneza.”

“Hili haligongi.” Akajisogeza, akampisha kwenye mkeka. “Keti, tumngoje sote.”

Shekue akaketi. Injini iliendelea kunguruma kwa upole, na mkewe akatega sikio upande wa barabara.